Madaftari Tisa

Mimi ni mwanamke wa kupanga vitu. Naomba hilo lijulikane mapema, maana ndilo kosa lenyewe. Kikombe kikikaa mezani dakika tano bila mtu kukigusa, mimi nimeshakiosha. Watoto wangu hunitania kwamba siku ya kufufuliwa wafu nitachelewa, kwa sababu nitakuwa bado natandika kaburi. Kazini nako ni hivyo hivyo. Nimefanya kazi ya masjala katika ofisi moja mjini Embu tangu nikiwa msichana, na juu ya kabati la mafaili kuna karatasi iliyobandikwa na mtu aliyenitangulia: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeisoma kila siku ya kazi. Haikunisaidia kitu.

Masjala ina sheria zake. Karatasi ya asili hutunzwa. Nakala, kama ya asili iko salama mahali pengine, hutolewa ili ipatikane nafasi. Karatasi yenye jina la mtu haitupwi ovyo, huchomwa, ili mambo ya watu yasisomwe barabarani. Nimezifuata sheria hizo ofisini, nikazifuata nyumbani kwangu Runyenjes, na mwaka juzi nikazifuata katika nyumba ya baba yangu kule Mitunguu.

Baba alikuwa fundi wa maji. Mitunguu ni kwenye joto, chini kabisa ya nchi yetu ya Imenti, na bila maji yanayoshuka kwa paipu kutoka juu mlimani hakuna ndizi itakayosimama pale. Kazi ya baba ilikuwa kufungua na kufunga vali kwa zamu, shamba hili saa hizi, shamba lile saa zile. Alitembea na ufunguo mrefu wa chuma begani, na watu walimsalimu kwa adabu kubwa kuliko walivyomsalimu chifu, maana chifu hawezi kukukaushia ndizi.

Lakini hakusomea kufungua vali. Muda mfupi baada ya uhuru, yeye na vijana wengine walichukuliwa kwenda kusoma ng'ambo. Kwetu watu walisema alienda Urusi, na yeye akachoka kuwasahihisha. Mji wenyewe ulikuwa Baku, nchi ya Azabajani, kando ya ziwa kubwa hata wenyeji huliita bahari. Alikaa huko miaka sita akisomea uhandisi wa maji. Aliporudi, shahada yake ilikuwa imeandikwa kwa herufi ambazo hakuna ofisi Nairobi iliyotaka kuzisoma, na siku zile mtu aliyesoma upande ule wa Wakomunisti alitazamwa kama mtu aliyerudi na ugonjwa. Akapewa ufunguo. Mabwana wake kazini walikuwa watu ambao yeye angeweza kuwafundisha, na baadhi yao aliwafundisha kweli, kimyakimya, pale bomba lilipopasuka.

Kutoka huko alileta vitu viwili tu. Cha kwanza kilikuwa koti zito la sufu, ambalo Mitunguu lilikuwa mzaha mtupu, kwa hiyo akampa ndugu yake aliyefanya kazi kwenye mashamba ya ngano Timau, ambako baridi ilikuwa inalistahili. Cha pili kilikuwa mshairi.

Jina la huyo mshairi nililisikia utotoni mara nyingi, na sitaliandika hapa kwa sababu nitalikosea, na nimeshakosea ya kutosha. Alikuwa mtu wa kale sana, wa mamia ya miaka iliyopita. Baba alimjua kupitia mzee mmoja aliyekuwa akitunza tanuri la maji moto katika bweni la wanafunzi. Mzee yule alikuwa mwalimu zamani. Wakati wa baridi vijana wetu walikuwa wakienda kukaa karibu na tanuri lake, na yeye, akisukuma makaa, alikuwa akisema mashairi ya huyo mtu bila kitabu, mpaka wengine wakalala. Baba hakulala.

Habari za maisha ya mshairi baba alikuwa nazo vipande vipande, na sijui ngapi ni kweli na ngapi ni za mzee wa tanuri. Kwamba aliishi enzi ambazo mwandishi asiyejua Kiajemi alionekana hajasoma, kwa hiyo akaandika kwa Kiajemi, akasifiwa. Kwamba hata hivyo, jambo likimuuma kabisa, aliliandika kwa lugha ya mama yake, Kiazabajani, lugha ambayo wakubwa walidhani ni ya wachungaji na jikoni. Kwamba hakupata alichotumaini kwa wakubwa wale. Kwamba leo wakubwa hao hakuna anayewakumbuka, ila mwanamke asiyejua kusoma anaweza kukuimbia mistari yake akikanda unga. Baba alipofika hapo alikuwa akisema, "Kwa herufi zile zile, lakini. Kiajemi na lugha ya mama yake, herufi ni moja. Ukitazama karatasi tu, huwezi kujua ni gani."

Nilimsikia akisema hivyo pengine mara ishirini. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyezoea kujirudia.

Herufi hizo za mshairi zilikuwa za kale, za mkono wa kulia kwenda kushoto, kama zile zilizo juu ya mlango wa msikiti. Baba alifundishwa na mzee wa tanuri kwa siku thelathini. Serikali ya kule ilikuwa imebadilisha herufi za watu, na si mara moja, kwa hiyo mzee alikuwa na wajukuu waliosoma mpaka chuo kikuu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusoma barua za babu yake. Akamfundisha kijana wa Kimeru. Baba alisimulia jambo hilo akitikisa kichwa, kwa masikitiko ya mtu anayesikitikia nyumba ya wengine.

Mimi ndiye binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo baba hakuwahi kuniita kwa jina langu, maana ungekuwa utovu wa adabu kulitamka hovyo jina la mamake. Aliniita mama, tangu nikiwa sijajua kutembea. Nilikuwa na miaka kama minane siku moja ya likizo nilipofuatana naye kwenye laini ya paipu. Jua lilikuwa kali, na alikuwa akisema mashairi kwa sauti, kwa lugha ile ya huko.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Kuna ndege kwa bustani. Analilia ua. Ua nayo haimjali."

"Si aende kwa ua ingine?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia swali hilo watu wamesoma vitabu vingi na hawajaliuliza. Nikavimba kichwa, nikaongeza lingine.

"Huyo mtu alikuwa na watoto?"

Akaushusha ufunguo kutoka begani. "Sijui, mama. Hakuna mwenye aliandika."

Kisha akaitia vali ufunguo, tukasikia maji yakiingia shamba la jirani, tukarudi nyumbani kula.

Jumapili baada ya ibada alikuwa na tabia ya kuketi mezani na kuandika kwa herufi zile kwenye madaftari ya shule, yale ya karatasi za mistari. Mama yangu, akiwa hai, aliita kazi hiyo "Kirusi cha baba yenu", na alitukataza kupiga kelele. Hakuna aliyemuuliza anaandika nini. Sote tulijua: ananakili mashairi ya yule mtu wake asije akayasahau.

Mwaka juzi kisukari kilimshika macho. Mama alikuwa ameshatutoka miaka mingi, na baba alikuwa akiishi peke yake. Nilipompata siku moja amemwaga chai akidhani anaimimina kikombeni, niliamua. Ndugu zangu wako mbali, na mimi si mtu wa vikao virefu. Nikamchukua nikamleta kwangu Runyenjes, kwenye baridi nzuri ya majani chai, nikampa chumba chenye dirisha la kaskazini. Nyumba ya Mitunguu ingekaliwa na binamu yangu na familia yake, kwa hiyo nikarudi huko peke yangu Jumamosi moja kuisafisha.

Niliisafisha kama mtu aliyetumwa na Mungu. Risiti za mbolea za tangu zamani, barua za mikutano ya maji, ripoti zetu za shule, vyote vyenye majina nilivichoma nyuma ya choo. Vyombo nikampa jirani. Halafu nikafungua sanduku la bati chini ya kitanda, nikakuta madaftari tisa yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Niliyafungua. Herufi zile zile, mstari kwa mstari, safi, bila kufutwa. Nakumbuka nilisimama nayo mlangoni kwenye mwanga. Nakumbuka hata nilichofikiri, na nilikifikiri kwa lugha ya ofisini: hii ni nakala, ya asili iko. Mashairi ya mtu yule yamechapwa huko kwao, yamejaa maktaba. Baba mwenyewe haoni tena. Hakuna jina la mtu humu ninaloweza kulisoma, kwa hiyo hakuna haja ya kuchoma karatasi nzuri.

Sokoni Mitunguu kuna mama anayeuza njugu za kukaanga. Kama wauzaji wote wa njugu, huzifunga kwenye karatasi za madaftari, anazikunja ziwe kama pembe ndogo, na daima anatafuta karatasi. Nilimpelekea madaftari tisa. Alifurahi, akanipa njugu za bure. Nilizila nikiwa njiani kurudi.

Baba aliuliza siku ya tatu. "Mama, zile daftari zangu uliweka wapi?"

"Ziko kwa sanduku, baba. Nitaleta."

Sijui kwa nini nilidanganya upesi namna ile. Sikuwa bado najua nimefanya jambo kubwa. Nadhani ilikuwa sauti yake, maana aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mtoto aliyeachwa kwa jirani.

"Sawa," akasema. "Ukizileta nitakufundisha hizo herufi. Siku thelathini tu, hata ukitoka kazi umechoka. Wewe ni mtu wa karatasi, utashika haraka. Mimi sioni, lakini wewe utakuwa unasoma, mimi nasikiza."

Nikamwambia sawa. Wiki ile nikasema gari halikupatikana. Wiki iliyofuata nikasema binamu amesafiri na ufunguo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inaishia kwenye kiti cha baba barazani, kila jioni nikirudi kutoka Embu, uso wake ukigeuka kunifuata kwa sauti ya viatu. Aliuliza mara moja tu kila siku, kwa upole, akishanipa nafasi ya kuweka mkoba chini. Ningependa angefoka. Mtu akifoka unapata la kumjibu.

Jumamosi ya nne nikaenda Mitunguu. Mama wa njugu alinikumbuka.

"Zile daftari, bado uko nazo?" nikamuuliza, bila hata salamu.

"Woi, zile za Kiarabu? Hizo zilinisumbua, madam. Kuna watu walikataa njugu, wakasema karatasi iko na majini. Si nikaanza kuwashia nazo jiko."

"Zote?"

Akanitazama usoni, akaacha kukoroga. "Kwani zilikuwa za maana? Si ungesema."

Si ningesema. Alitafuta chini ya meza, kwenye gunia, chini ya debe la chumvi, akitoa pole kila mara, na makosa hayakuwa yake. Kwenye sinia yake kulikuwa na pembe nne za njugu zilizofungwa kwa mwandiko wa baba. Nilizinunua, nikazifungua pale pale, nikamwaga njugu kwenye mkoba wangu juu ya simu na miwani, watu wakinitazama. Zote nne zilikuwa vipande tu, herufi zimefutika kwa mafuta. Chini ya debe akapata karatasi moja nzima, pande zote mbili zimeandikwa, imeingia mafuta kona moja. Hiyo ndiyo iliyobaki.

Nilifika Runyenjes mchana. Baba alikuwa barazani na blanketi magotini. Sikuketi. Nilimwekea karatasi ile mkononi.

Aliipapasa kwa kidole gumba, akaisugua, akaifikisha puani.

"Njugu," akasema.

Hapo nikamwambia yote, mbio mbio, kama mtu anayetapika. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Zote?" Neno lile lile nililomwambia mama wa njugu.

"Zote, baba. Imebaki hii."

Akarudi kuipapasa karatasi. Bodaboda zilikuwa zikipita na magunia ya avokado kwenda sokoni, moja, nyingine, nyingine tena, na yeye bado anaipapasa. Nikakasirika. Ndiyo, mimi, niliyekosa, nikamkasirikia mgonjwa. Nikamwambia kwa sauti ambayo bado naisikia: "Lakini baba, si hizo mashairi ziko kwa vitabu huko kwao? Si zimejaa? Tunaweza kuagiza hata kwa simu, zije!"

"Za yule, ziko," akasema baba.

Nilidhani amekubaliana nami. Nikashusha pumzi hata, nikaenda kupika chai.

Kesho yake nilipotoka kanisani aliniita, akaomba mkono wangu. Akaufungua kiganja, akachora kwa ukucha mstari mmoja ulionyooka. "Hiyo ni ya kwanza." Jumatatu nikirudi kazini akachora kama sahani, akanigonga nukta moja chini yake. Jumanne sahani ile ile, nukta tatu chini. "Hiyo ni P. Waarabu hawana, lakini mzee wangu alikuwa nayo." Jumatano sahani, nukta mbili juu. Kiganja changu kiliwasha na nilikuwa na sufuria jikoni, na nilimwambia, "Baba, leo moja tu inatosha." Akasema inatosha.

Alhamisi hakuamka vizuri. Tulimfikisha hospitali Embu, akakaa siku tatu akilala, akiamka, akilala, na Jumapili asubuhi akaenda. Kati ya siku thelathini tulikuwa tumetumia nne. Naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono ule ule, na zilizobaki ishirini na sita ninazo mimi, na nitakuwa nazo mpaka nife. Wanaosema majuto ni mjukuu hawajakaa nayo nyumba moja. Mjukuu angalau hulala.

Tulimzika Mitunguu kando ya mama, mpakani mwa shamba la ndizi. Karatasi ya mazishi ilikuwa ya rangi, na historia yake niliiandika mimi, kwa kuwa ndimi mwenye mazoea. Alizaliwa, akasoma, akaendelea na masomo ng'ambo, akafanya kazi ya maji kwa uaminifu, akajaliwa watoto. Mhubiri aliisoma kwa muda usiozidi ule wa kuchemsha yai. Mzee mmoja aliyefanya kazi naye akasimama akasema marehemu alikuwa akiimba akifungua vali, na hakuna aliyewahi kujua anaimba nini, na watu wakacheka kwa upendo. Nilitaka kusimama niwaambie anaimba nini. Sikuwa najua.

Baada ya siku arobaini hivi, nikitafuta kalamu ndani ya mkoba, nikashika njugu. Zilikuwa zimebaki chini kabisa, kwenye mshono. Nilikuwa kazini, mbele ya kabati, chini ya ile karatasi ya ukutani, na nililia mbele ya watu, jambo ambalo sikulifanya hata kaburini. Bosi akaniambia niende nyumbani. Sikwenda nyumbani. Nilitembea mpaka mtaa wa Majengo, kwenye msikiti, nikauliza kama kuna mtu wa kunisomea karatasi.

Waliniitia mwalimu wa madrasa, msichana wa miaka kama ishirini na mitano, mwenye buibui na viatu vya michezo. Alikuwa akisubiri watoto wa alasiri. Nikamwambia ni mashairi ya Kiajemi, au ya Azabajani, na kwamba sihitaji maana, nataka tu kusikia sauti yake mara moja. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda.

"Ametia irabu kila mahali," akasema. "Kama tunavyowatilia watoto wadogo, wasikosee. Lakini hii si Kiarabu, mama. Na sidhani ni Kiajemi, kuna maneno ya Kiajemi ningeyatambua. Sijui ni nini."

"Soma tu vile imeandikwa."

Akaanza, polepole, kwa silabi, mtu asiyeelewa hata neno moja la anachosoma. Neno la pili lilikuwa ruuji.

Ruuji ni maji. Si kwa Kiajemi. Ni maji kwa Kimeru, ni neno nililofundishwa nikiwa mgongoni.

Nilimshika mkono. Alishtuka, akauliza kama amekosea. Nikamwambia aendelee, asinitazame, aendelee. Akaendelea, na kutoka kinywani mwa msichana wa watu ambaye hajawahi hata kufika Imenti, akivunja maneno mahali pasipo pake, nikasikia Kimeru cha baba yangu, kile cha kizamani, cha heshima, alichokuwa akikitumia kwa mama yake. Maji yamefika mlangoni mwa jirani, aliandika, na mimi niliye na ufunguo nina kiu. Akaja ndege, lakini si yule wa bustani za wafalme. Alikuwa yule mdogo wa kwetu anayekunywa penye tundu la bomba.

Akakwama. "Herufi hii siijui. Sahani, nukta tatu chini."

"Hiyo ni P," nikasema.

"Pa... paipu," akasoma. Akacheka kidogo. "Imeandikwa paipu."

Hazikuwa nakala. Baba hakuwa akinakili mtu. Alikuwa amechukua ile njia ya mshairi wake, ya kuliandika kwa lugha ya mama lile linalouma, akaitumia kwa miaka yote ile ya Jumapili, kwa herufi ambazo hakuna mtu Mitunguu angeweza kuzisoma na kumcheka. Za yule, ziko. Aliniambia barazani, na mimi nikaenda kupika chai.

Baba alikuwa amenieleza zamani kwamba mashairi ya namna ile mshairi huweka jina lake katika mstari wa mwisho, kama mfinyanzi anavyotia alama yake kwenye chungu, ili watu wajue ni kazi ya nani. Kwa hiyo mwalimu alipofika chini ya karatasi, penye mafuta, nilikuwa nangoja kusikia jina la baba. Alisogeza karatasi dirishani. Akasoma jina langu.

Hakujua ni langu. Nilikuwa sijamwambia naitwa nani. Baba, ambaye maisha yake yote hakulitamka, alikuwa ameliandika, na baada yake kulikuwa na maneno machache tu. Nilimwomba ayarudie, akayarudia, kisha akaniuliza, "Umeelewa, mama? Inasema nini?"

Nikamwambia. Inasema kwamba mimi nilimuuliza kama yule mtu wa mashairi alikuwa na mtoto, na hakuna mwenye aliandika. Halafu baba anasema: mimi ninaye, na ninaandika.

Msichana aliikunja karatasi vizuri akanirudishia. Watoto walikuwa wameanza kuingia, wakivua viatu mlangoni.

"Kuna nyingine?" akaniuliza. "Ulete, nitakusomea zote."

Nikamwambia yalikuwa madaftari tisa.